Jina Nililolitaja Sokoni

Siku zile kura haikuwa karatasi. Ulipanda jukwaani pale sokoni, ukataja jina kwa sauti, na kila mtu akakusikia. Waliotunga sheria hiyo ndio waliokuwa na ardhi.

Bwana Cragg, msimamizi wa mashamba ya Lodi Thorsby, kabaila mwenye ardhi yetu, alitupakia wapangaji ishirini kwenye magari ya farasi, akatulisha nyama ya ng'ombe na bia asubuhi yote, akatubandika kifuani utepe wa buluu, rangi ya Lodi. Lodi alikuwa anarudi kuomba kiti chake cha Bunge, safari hii akishindana na mtengeneza mishumaa wa mjini.

"Jabez Pickersgill," Cragg aliniambia, "mkataba wako unaisha mwezi wa tatu. Ulimi usiteleze."

"Hautateleza, bwana."

Na kweli nilikusudia hivyo. Binti yangu Hester alikuwa mjamzito, mumewe yuko baharini, na paa lile la Lodi ndilo pekee tulilokuwa nalo. Ningekinyamazia hata kile kisima alichotuahidi. Uchaguzi uliopita Lodi alikuja mlangoni petu, akamshika mkono mke wangu Keziah, akaahidi kumchimbia kisima kingine mbali na zizi. Akashinda, akaenda zake London. Keziah aliendelea kunywa maji yale yale mpaka homa ya matumbo ikamchukua.

Kwenye foleni, jirani yangu Sam Dewhirst alininong'oneza, "Sema upesi, kama unameza dawa."

"Dawa huponya, Sam."

"Basi kama unameza chura, mzee. Ila meza!"

Akapanda, akamtaja Thorsby. Lodi, aliyesimama pale pale jukwaani, akainama kumshukuru, kama ilivyokuwa desturi kwa mgombea.

Zamu yangu ikafika. Cragg, daftari mkononi, akamnong'oneza Lodi sikioni. Nililijua daftari lile: majina ya wake zetu na watoto wetu. Lodi akanyoosha mkono, anatabasamu.

"Bwana Pickersgill! Bibi Keziah hajambo?"

Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka chini: "Kamuulize makaburini, mheshimiwa!"

Cragg alikuwa anapekua kurasa.

"Unamchagua nani?" karani wa kura akauliza.

Nikamtafuta Hester katika umati. Alikuwa ameshika tumbo, ananitazama. Hakutikisa kichwa wala hakuitikia.

"Oldroyd," nikasema.

"Sauti, mzee!"

"Oldroyd! Yule mtengeneza mishumaa!"

Lodi alikuwa ameshainama. "Nakushukuru sana, rafiki yangu," akasema, kwa mazoea tu. Watu wakaangua kicheko. Alipoinua uso, ulikuwa mwekundu, na Cragg alikuwa tayari anaandika.

Lodi alishinda hata hivyo, kwa tofauti ya kura tisa. Mwezi wa tatu ulipofika, nilipakia kitanda na sufuria kwenye mkokoteni. Hester akatembea kando yangu, mtoto kifuani.

"Baba, huko tuendako kuna kisima?"

"Hakuna. Kuna bomba la mtaani."

"Maji yake safi?"

"Wanasema safi."

"Basi sukuma, Baba."