Rangi Anayoipenda Husnara

Maneno aliyajua. Hilo ndilo lililomtia Husnara wazimu. Rangi kumi na mbili kwa Kiingereza alizijua zote, mpaka zambarau, ambayo jina lake lilimkunja ulimi vibaya. Alijua tikiti ya kwenda na kurudi, chumba cha kujaribia nguo, risiti, punguzo la bei, toroli ya dukani. Aliyakariri jikoni huku akisaga pilipili, akayakariri bafuni, akayakariri hadi akayaota. Na bado alifeli. Mara mbili!

Toroli, jamani! Mwanamke ambaye tangu azaliwe hajanunua hata kiberiti. Katika kijiji chao, nje kidogo ya mji wa Sylhet, sokoni walikwenda wanaume. Baba mkwe wake, Mzee Moksud, ndiye aliyenunua samaki, sabuni na dawa ya mafua, na kila Idi alirudi na sari za wanawake wa nyumba yake. Kila Idi sari hizo zilikuwa za kijani. Mzee aliipenda kijani.

Mtihani ulikuwa wa viza. Mumewe, Tofail, alikuwa mpishi wa mkahawa huko Luton, kwa Waingereza, na bila cheti cha Kiingereza Husnara asingemfuata. Binti yao Tahia alikuwa na mwaka na miezi miwili na hajawahi kubebwa na baba yake. Kwa Tahia, baba ni simu. Ikilia tu anaikimbilia na kuibusu, hata kama anayepiga ni muuza mbolea. Husnara kila akiona vile alijisikia kuipiga simu ile ukutani.

"Huu wa tatu ndio wa mwisho," Mzee Moksud alikwisha kutamka. "Ukifeli utabaki hapa, naye atakuwa anakuja kila baada ya miaka mitatu. Wake za wenzake wamekaa hivyo, na hakuna aliyekufa."

Mwalimu wake, Nilufa, alikuwa na darasa juu ya duka la dawa mjini, na subira alikuwa hana.

"Hebu nieleze. Yule mtahini alikuuliza nini?"

"Aliuliza, wakati wa Idi napenda kununua nguo gani."

"Ukamjibu?"

"Baba mkwe anajua."

"Eh! Halafu?"

"Akauliza napenda rangi gani."

"Ukamjibuje?"

Husnara akainamisha kichwa. "Baba mkwe anajua."

"Na safari je? Usiniambie!"

"Aliuliza nikipata nafasi ningependa kusafiri wapi..."

"Ya Rabi! Baba mkwe anajua?"

"Sasa mwalimu, ningefanyaje?" Husnara alipandwa na hasira. "Mwanamume mzima, simjui hanijui, ananiuliza mimi napenda nini! Nilitazama chini kama nilivyolelewa. Nilidhani watamwita Baba, si alikuwa pale nje anangoja?"

"Basi danganya! Sema unapenda waridi, yaishe."

"Waridi siipendi."

"Unapenda ipi?"

Husnara akafungua mdomo. Akaufunga. Akatafuta, akatafuta, na humo ndani hakukuta kitu. Machozi yakamtoka kwa hasira tupu, maana hakumjua hata wa kumkasirikia.

Nilufa akaweka chaki chini. Sauti yake ikalegea. "Mtoto wee, acha kukariri. Una wiki mbili. Nenda dukani ukachague kitu kimoja kwa mkono wako mwenyewe."

Husnara alimweleza mama mkwe wake, Jobeda, walipokuwa wakichambua mchele. Jobeda alishtuka.

"Sokoni? Sisi? Watu watasema nini?"

"Watasema, mama. Kwani hawasemi kwamba nimefeli?"

Ndipo simu ikalia kule chumbani. Tahia akaikimbilia, akaibusu, mwaa. Alikuwa mtu anauliza habari za pampu ya maji. Jobeda alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akausukuma ungo pembeni.

"Vaa baibui lako. Mzee yuko kwenye kesi ya shamba, harudi mpaka alasiri."

Muuza sari aliwakalisha juu ya shuka jeupe, akawaagizia chai.

"Karibuni, mama. Nitoe rangi gani?"

Jobeda akamtazama Husnara. Husnara akamtazama Jobeda.

"Toa tu," akasema Jobeda.

"Nitoe ipi?"

"Wewe toa, tutaona."

Akatoa. Akatoa nyekundu, akatoa bluu, akatoa za dhahabu, akapanda ngazi akashusha nyingine, hadi shuka lote likafunikwa na jasho likamtiririka shingoni. Sari thelathini, na wale wawili hawajagusa hata moja, chai inapoa.

"Mama, unapenda ipi?" Husnara alinong'ona.

"Mimi najua baba yako anapenda ipi."

"Sikuuliza hiyo!"

Ilimtoka kwa sauti, dukani, mbele ya watu. Kumfokea mama mkwe! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Jobeda hakukasirika. Mkono wake ulikwenda taratibu kwenye lundo, ukavuta sari ya rangi ya manjano iliyokolea.

"Hii," akasema. "Kabla sijaolewa nilikuwa na mtandio wa hivi. Miaka thelathini na minane. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikukumbuka kusema."

Husnara naye akaanza kufukua. Hii hapana. Hii hapana. Ile hata bure siitaki! Ajabu, ilikuwa tamu kuzikataa, moja baada ya nyingine, mpaka mkono wake ulipoigusa moja na kugoma kuiachia. Zambarau! Katika rangi zote kumi na mbili, ile ile ya kumkunja ulimi. Alicheka peke yake kama chizi. Jobeda akafungua fundo kwenye pindo la sari yake, akalipa, na waliporudi wakazificha sari zao chini ya magodoro mpaka Idi.

Husnara hakungoja Idi. Siku ya mtihani aliivaa sari ile ndani ya baibui.

Mtahini alikuwa yule yule. Aliuliza kuhusu nguo, na Husnara akainua macho. Alisimulia duka, chai iliyopoa, jasho la muuzaji, sari thelathini. Sentensi zake zilikuwa zikichechemea lakini hazikusimama. Alipofika kwenye zambarau ulimi ulijikunja, akairudia, akairudia tena mpaka ikakaa sawa. Alikuwa bado anaeleza kwa nini kijani ameichoka alipoambiwa muda umekwisha.

Alifaulu.

Mzee Moksud alikuwa nje na mwavuli wake, na alipoiona karatasi ya majibu alimshukuru Mungu kwa sauti hadi wapita njia wakageuka. Ndani ya bajaji ya kurudi nyumbani akainama karibu naye.

"Sasa niambie, mwanangu. Ni swali gani hilo lililokushinda mara mbili?"

"Waliniuliza napenda rangi gani, Baba."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Mzee akatikisa kichwa, na uchungu aliokuwa nao ulikuwa wa kweli kabisa.

"Sasa si ungeniita? Nilikuwa hapo hapo mlangoni. Ningewaambia: kijani."