Salamu za Upande wa Pili

Saa kumi jioni Magdalene alifika kwenye baa ya Rachael, nyuma ya stesheni ya Ruiru, akaagiza chai. Baa haiuzi chai, akaletewa soda. Aliiacha mezani akaenda kwenye jukiboksi, lile kabati la kioo linalocheza santuri ukibonyeza herufi na namba. Alikuwa ametoka kwake Kiandutu, Thika, na kitambaa na kichupa cha mafuta ya taa.

Wimbo wa marehemu mumewe, Maluki, ulikuwa humo. Enzi zile wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili gitaa na salamu, mpigaji akiwataja rafiki zake mmoja mmoja. Karatasi ya katikati ya santuri ilisema mtunzi ni Kyengo. Kyengo hakutunga hata mluzi, alikuwa mwenye studio tu. Mpaka leo redio ikiucheza wimbo ule, jina linalosomwa ni lake, na Magdalene huumia kama aliyefiwa upya. Alitaka jina lirekebishwe angali hai, asikie kwa masikio yake.

"Shosho, hiyo ya upande wa pili ilikwama kitambo," Rachael alisema. "Kuna msee aliimwagia soda."

"Basi itakwamuka."

Rachael alimfungulia kabati, naye akaisugua santuri kwa mafuta ya taa hadi vidole vikamuuma, akabonyeza. Mkono wa chuma ulipita kwenye safu ya santuri, ukatoa moja, sindano ikaigusa. Gitaa likalia. Kisha Maluki akaanza.

"Salamu kwa Rachael, hapo kaunta. Salamu kwa Simeon wa shati ya kijani. Bibi yako anakutafuta."

Simeon alimaliza bia yake akaenda nyumbani. Rachael akaendelea kupanguza glasi. Baada ya hapo watu walianza kuja kutoka Juja na Githurai ili wasalimiwe, na walioachwa walimlaumu Rachael kana kwamba ndiye aliyewasahau.

Magdalene hakuja kusalimiwa. Alimpigia Kyengo simu bila kukoma mpaka mzee akachoka kukataa, akaja na suti yake na bakora, akaketi karibu na mlango. Magdalene akabonyeza.

"Salamu nyingi kwa mzee Kyengo," Maluki alisema. "Wimbo huu niliutunga mimi, Maluki, yeye akaandika jina lake. Mzee, magoti yanaendeleaje?"

Kyengo alisimama, machozi yanamlengalenga. "Mmesikia? Ameanza na mimi!" Akawanunulia wote vinywaji.

"Na hayo ya wimbo, umeyasikia?" Magdalene aliuliza.

"Nimesikia yote, Magdalene. Mtu akikusalimia hivyo mbele ya watu, hana kinyongo. Hayo yameisha."

Akaaga kila meza na kuondoka.

Jumapili redio iliucheza wimbo. Mtangazaji alisema ni utunzi wa mzee Kyengo, anayeheshimiwa sana hivi kwamba hata marehemu Maluki bado humtumia salamu. Magdalene alizima redio kwa hasira, akavaa viatu.

"Maluki, heshima zako zimetuponza," aliiambia jukiboksi. "Leo sema wimbo ni wako, basi. Yule usimsalimu kabisa."

Akabonyeza. Sindano ikashuka, gitaa likalia.

"Salamu kwa mzee Kyengo, popote alipo," Maluki akaanza.

Magdalene akabonyeza tena.