Yowe la Ishirini na Tatu

Jumatano moja ya Agosti, mwaka 1932, Verna Tuttle alikuwa jikoni kwake, mtaa wa nyuma ya barabara kuu ya Hollywood, akitenganisha viini vya mayai apike keki ya limau. Binti yake Idella alikuwa pembeni akipiga pasi sketi. Pasi ikamgusa kiganja. Idella akaachama, na kinywani hakikutoka kitu. Yowe likatokea kwenye jumba la sinema lililokuwa ng'ambo ya barabara, ambako milango ilikuwa imeachwa wazi kwa sababu ya joto. Alasiri hiyo walikuwa wakionyesha filamu ya kuchekesha ya mpishi mlevi. Yowe la Idella lilimtoka mke wa askofu kwenye filamu hiyo, na watu wakacheka sana.

"Mama, limetokea kule," Idella alisema, mkono ukiwa tayari chini ya bomba.

"Nimelisikia. Paka siagi."

Idella alikuwa na miaka ishirini, na kazi yake ilikuwa kupiga mayowe. Sinema zilikuwa zimeanza kusema miaka michache tu, na studio ziligundua kwamba waigizaji wao warembo hawajui kupiga yowe. Mmoja alikohoa, mwingine akalia kama mbuzi. Basi mrembo aliachama mbele ya kamera, na msichana mwingine akasimamishwa nyuma ya turubai apige yowe kwa niaba yake. Kwa filamu ya zimwi la kisimani Idella alipiga mayowe ishirini na mawili kwa siku moja. Fundi sauti akavua vifaa vya masikioni, akamwambia, "Nimelipata lote, dada." Alimaanisha kumsifu.

Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, na Verna ndiye aliyetia sahihi kama shahidi. Aliusoma kwa kupitisha kidole chini ya kila mstari, kama alivyosoma kila kitu tangu alipoacha shule darasa la tano kule Nebraska. Mstari mmoja ulisema kwamba yowe, popote litakapopigwa, ni mali ya studio. Alitaka kuuliza, lakini kalamu ilikuwa imeshawekwa mkononi mwake, na Bwana Lyle Prentiss, msimamizi wa filamu, alikuwa amemshikia mlango kwa heshima. Karatasi ya namna ile husomewa nyumbani, mezani, mtu akiwa amekaa.

Baada ya siku ya pasi alikwenda kumwomba Bwana Prentiss walirudishe yowe la binti yake.

"Bibi Tuttle," alisema kwa upole, "nyumbani analitaka la nini? Mna panya wangapi?"

"Panya hatuna."

"Basi. Kuongea anaongea, kuimba anaimba. Mkataba ukiisha tutalizungumza."

Verna aliona haya kwa kusumbua watu, akatoka. Chini ya ngazi alimkuta Horace Pym, mzee aliyeigiza zimwi, akila yai la kuchemsha kwa vipande vidogo ili taya la bandia lisibanduke. Alimsogezea Verna nafasi akae.

"Mama, binti yako asiachwe peke yake na yule bwana wa juu."

"Kwa nini?"

"Mimi nimesema tu," zimwi likajibu, likatazama kama kuna aliyesikia.

Jioni Verna alimwambia Idella asikanyage tena studio.

"Mama, wasichana arobaini wanasimama langoni kila asubuhi. Nikiondoka leo, kesho wapo thelathini na tisa."

"Waache wasimame. Wewe rudi nyumbani."

"Na yowe langu? Nikivunja mkataba wanabaki nalo milele. Siondoki bila kitu changu."

Filamu ya zimwi ilipotoka, Verna aliitazama mara nne, maana alikuwa mama, na sauti ilikuwa ya mwanawe. Alijua kila yowe lilipo: la dirishani, la kwenye zizi, matano ya mfululizo kanisani. Ijumaa, mara ya tano, zimwi lilikuwa limekaa peke yake chini ya kisima likichezea ndoo. Hapakuwa na mtu wa kutishwa. Hapo likatoka yowe la ishirini na tatu, refu, na halikuwa na ufundi wowote.

Watu wakapiga makofi.

"Hilo tamu!" alisema mwanamume aliyeshika bisi.

Verna akasimama. "Huyo ni mwanangu."

"Sote tuna wana, mama. Keti, unatuzibia."

Akachukua mkoba wake, akatoka mbio. Studio ilikuwa mitaa sita mbele. Mlinzi wa lango akauliza kama ana miadi.

"Mwanangu anapiga yowe!"

"Ndiyo kazi yake, mama."

Verna akapita chini ya mkono wa mlinzi. Ghorofani mlango wa Bwana Prentiss ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, naye akaupiga kwa kisigino cha kiatu mpaka ukafunguliwa. Idella akatoka, kola imechanika, kinywa bado kimeachama. Bwana Prentiss alikuwa akinyoosha tai.

"Tulikuwa kwenye mazoezi," alisema.

Kwenye ngazi alikaa Horace Pym, ameshika miguu ya zimwi ya plasta mapajani.

"Wewe ulikuwa hapa. Ulisikia?" Verna alimuuliza.

"Hapakuwa na cha kusikia, mama. Hakutoa sauti." Alisema kweli. Naye alikuwa na mkataba.

Kituoni polisi aliandika vizuri, kwa mwandiko wa kulala.

"Kuna mtu aliyesikia?"

"Watu mia tatu."

"Wapi?"

"Kwenye sinema."

Polisi akaandika hilo pia. Alisema mkewe amelipenda sana yowe la kisimani, lakini sheria inataka aliyesikia palepale penye tukio. Akawafungulia mlango.

Magazeti yalisifu yowe lile. Yalisema ni ubunifu mkubwa kuweka woga mahali pasipo na mtu, na sifa akapewa Bwana Prentiss, ambaye bado ana ofisi ileile, na sasa zulia ni jipya. Idella bado anakwenda kazini. Mkataba wake umebakiza mwaka mmoja na miezi saba, na kila asubuhi mama yake humshonea vifungo kwa uzi wa viatu.

Verna hushinda kwenye jumba la sinema, kiti cha kando karibu na mlango, maana ndiko pekee anakoweza kumsikia mwanawe. Mwanzoni alikuwa peke yake. Kisha akaja mama mmoja kutoka mtaa wa Wapolandi, ambaye binti yake naye hupiga mayowe studio, kisha dada wawili wenye binti mmoja kati yao, na sasa wanajaza safu tatu za nyuma kwenye maonyesho ya mchana. Wanaleta nyuzi za kufuma na mikate ya jibini, na hawatazami sana filamu. Yowe likitoka pasipo pake, wote huacha kufuma, wakasikiliza ni la nani. Mmoja huinuka, akachukua mkoba. Wengine huvuta magoti kando ili apite, na mbele kule watu hupiga makofi.