Nusu ya Mama Clare

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na duka langu la dawa mtaani Mbotela, Nairobi, watu walilijua kwa mambo mawili: ukali wangu na huruma yangu. Ukali ulikuwa kelele tu. Kilichomuua mke wangu ni huruma.

Rufaida alisumbuliwa na maambukizi ya mkojo kila baada ya miezi michache. Dawa yake nilikuwa nayo, seftriaksoni, sindano kali kuliko zote dukani. Chupa moja ni ya siku moja, na siku zinazotakiwa ni saba. Lakini jirani yetu Adoyo, Mama Clare, alikuwa na shida hiyohiyo, na chupa ikishafunguliwa haikai. Basi niliwagawia: nusu yako, nusu ya Mama Clare. Wakiamka kesho yake hawana homa, tumemaliza. Kwetu hata chapati haziliwi jirani asionje, nikaona na dawa ni vivyo hivyo.

Mwaka jana alikuja msichana wa maabara ya chuo kikuu, Nzembi, na kisanduku cha vichupa. Alikuwa akitafiti bakteria waliozoea dawa za aina hiyo. Aliomba mkojo wa wagonjwa wangu, akauliza nawachoma siku ngapi.

"Siku saba," nilimdanganya. "Na mkojo hapa hatugawi. Jaribu mtaa wa Fedha huko, kwa wenye nafasi."

Rufaida alicheka nyuma ya pazia. "Baba Ridhwan, si ungempa tu wangu?"

"Wewe tulia. Mkojo wa mke wangu utembezwe Nairobi nzima?"

Nzembi akafunga kisanduku chake akaenda. Nikajiona mjanja. Mjinga mkubwa mimi.

Mwezi wa Machi mwaka huu homa ilimrudia Rufaida. Nilimchoma nusu, haikushuka. Nikamchoma chupa nzima, siku ya pili, ya tatu. Alipoanza kuweweseka tulikimbilia hospitali. Majibu ya maabara yalipotoka, daktari aliniita pembeni: bakteria wameingia kwenye damu, na seftriaksoni hawaisikii tena. Walibadilisha dawa, lakini tulikuwa tumechelewa. Majuto ni mjukuu, husema watu. Mimi sina mjukuu bado, majuto ninayo.

Siku ya hitima, Adoyo alikuja na birika la chai, akaketi karibu nami.

"Pole sana, Baba Ridhwan. Mungu amlaze pema." Akashusha sauti. "Lakini hata mimi naumwa vibaya tangu jana. Si unifungulie tu duka, unipe ile nusu yangu?"

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto.

"Mama Clare, nusu ndiyo iliyomuua Rufaida; iliwazoeza bakteria wake dawa, hawaisikii tena. Na ni mimi niliyewachoma nyote wawili. Inuka, nakupeleka hospitali sasa hivi."

Hakuinuka. Aliutoa mkono wake polepole mkononi mwangu.

"Na mimi je?" aliuliza. "Wangu bado wanaisikia hiyo dawa?"

Sikujua. Nzembi angekuwa analijua jibu hilo tangu mwaka jana, kama nisingemfukuza.