Siku Moja Mapema

Jumanne ile Pak Tukiman, yaani Mzee Tukiman, alipopiga simu, aliyeipokea ni Retno. Wiyoso, ambaye watu walimwita Mas Wiyo, yaani Kaka Wiyo, alikuwa uani akivuta sigara yake ya karafuu, na kama angekuwa ndani angeipokea yeye, maana simu ilikuwa mezani kwake.

“Mbak Retno, dada yangu,” mzee yule mchapishaji alisema, “nina vijitabu mia nne vya Yasini hapa, na vyote vina hitima ya arobaini isiyokuwa arobaini. Wenye msiba wamekuja dukani wananitazama kama mimi ndiye niliyemuua mama yao.”

“Siku zimekosewa?”

“Zimekosewa zote. Ya tatu, ya saba, mpaka elfu. Zimetangulia siku moja. Mwambie Mas Wiyo aje, nami nitamkaangia tempe ya soya mwenyewe. Asipokuja nitakaangwa mimi.”

Retno aliweka simu chini. Kabla hajamwita mtu, alishtuka kama mtu aliyefika sokoni ndipo akakumbuka kwamba hakuzima jiko.

Ofisi yake na Wiyoso ilikuwa chumba kimoja pembeni mwa barabara ya Solo, hapa mjini Klaten, meza mbili na mashine moja iliyowekwa chini ya meza ya Wiyoso. Waliwaandikia watu programu ndogo ndogo: wachapishaji, wapishi wa shughuli, ofisi za vijiji. Kila programu ilikuwa na kazi yake, lakini zote zilifika mahali pamoja: mtu amekufa, hitima zake ni lini? Lazima uzisome siku saba za juma pamoja na siku tano za soko, Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon, uende nazo sambamba mpaka siku ya elfu, na ukiteleza siku moja umewaita watu kumwombea marehemu siku isiyo yake.

Wiyoso alichoka kuona kila mwandishi wa programu anaianza hesabu hiyo upya na kila mmoja anakosea kwa namna yake. Akaandika kipande kimoja tu, akakiweka kwenye ile mashine, akakiita Petung, yaani hesabu. Aliyekihitaji hakuwa na haja ya kujua ndani kuna nini. Alikipelekea skripti, yaani amri fupi, ya mistari minne: tarehe ya kufa, saa, mahali, na neno la kuomba jibu. Petung ikamrudishia siku zake zote. Ndani ya miaka minane programu zaidi ya arobaini zilikuwa zinaiegemea. Juu kabisa ya msimbo wake Wiyoso alikuwa ameandika: *Usinakili kipande hiki. Kitumie hapa hapa kilipo, ili siku nikikitengeneza, kiwe kimetengenezwa kwa wote.*

Retno alikuwa amekinakili.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, Pak Tukiman anataka programu yake kabla ya Idi, na dukani kwake mtandao hukatika kila mvua inapopiga. Skripti ilikuwa ikienda kuuliza na kurudi mikono mitupu. Basi Retno akakichukua kipande chote kama kilivyo, akakibandika ndani ya programu ya mzee, kikafanya kazi hapo hapo bila mtandao. Alijiambia, baada ya Idi nitarudi kukitoa. Idi ikapita, na nyingine ikapita.

Katikati ya hizo Idi mbili Wiyoso aligundua kosa lake la zamani. Petung ilikuwa ikibadilisha siku saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, lakini siku mpya huingia jua likizama, na mwezi wa Septemba jua la Klaten huzama kabla ya saa hiyo. Alikaa siku mbili akalisahihisha. Programu arobaini zikapona siku moja, bila wenyewe kujua kwamba zilikuwa zinaumwa. Ile nakala ya dukani haikupona, kwa sababu Wiyoso hakujua kama ipo.

Wiyoso aliingia ndani akinuka karafuu. “Nani huyo?”

“Pak Tukiman. Vijitabu vimetoka na siku zilizokosewa.”

“Zimekosewaje?”

Hapo ndipo Retno alipokuwa na nafasi ya kusema kweli. Badala yake alisema, “Sijui, Mas. Labda Petung ina kasoro.”

Wiyoso alicheka. “Petung? Mtoto wangu huyo haumwi, Dik, mdogo wangu. Wewe ndiye unayenakili vitu kama mwizi wa mihogo.” Alikuwa akimtania hivyo kila siku, bila kumaanisha neno. Kisha kicheko kikamtoka usoni. “Lakini kama nimekosea mimi, basi nimewakosea watu wote. Ngoja nikaone mwenyewe.”

Alichukua kofia yake ya pikipiki. Chai yake ilibaki nusu, na kifuniko cha bati juu yake kuzuia nzi.

Saa kumi alasiri lori la mchanga wa mlima Merapi lilimgonga kwenye njia panda, umbali wa kutupa jiwe na duka la Pak Tukiman. Hospitalini waliandika kwamba alikata roho saa kumi na moja na dakika arobaini na nane jioni.

*

Siku ya tatu, Pak Tukiman alileta vijitabu mia mbili vya Yasini kwa sadaka yake. Aliviweka mkekani mbele ya mjane, Mbak Harni, akaondoka kwenda kulia kwenye mti wa mpapai ambako kila mtu alimwona. Retno alichukua kimoja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Wiyoso, na chini yake: *Amefariki Jumanne Kliwon*. Kisha orodha ya hitima zake zote.

Aliijua hesabu hiyo. Ilikuwa imetoka kwenye nakala yake. Jumanne ile jua lilizama saa kumi na moja na dakika thelathini na sita. Wiyoso alikuwa amekufa ikiwa ni Jumatano Legi tayari. Programu ya dukani hakuna aliyekuwa ameigusa, kwa sababu aliyekuwa anakwenda kuigusa hakufika, na mzee, katika msiba ule, alidhani kosa lilikuwa la vile vijitabu vya kwanza tu.

Retno alifumba kijitabu, akasoma Yasini pamoja na wengine. Kusema siku zimekosewa ni kusema kwa nini. Na kusema kwa nini ni kusema lile neno alilomwambia, ambalo lilimpandisha mtu pikipiki akiamini kwamba kazi yake ya miaka minane imeharibika.

Anayekufa Jumanne Kliwon, kaburi lake hulindwa, maana wako wanaozitaka kamba za sanda yake kwa uchawi. Wanaume wa mtaa walisimamisha kibanda cha mianzi makaburini wakalinda usiku arobaini, kwa zamu, wakicheza domino na kulalamikia mbu. “Mas Wiyo,” mmoja alikuwa akiliambia kaburi kila akishindwa mchezo, “wewe mtu wa hesabu, mbona hunisaidii?” Walirudi asubuhi wakicheka, macho mekundu. Retno aliwapelekea kahawa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kulala pale, maana Wiyoso hakufa Jumanne Kliwon.

Hitima ya saba ikasomwa siku moja mapema. Arobaini vivyo hivyo, na ya mia, na ya mwaka, na ya miaka miwili. Retno alihudhuria zote. Alikula vitumbua vya mchele vya kuombea maiti, kisha akasaidia kuosha sahani.

“Bado yumo humu,” Mbak Harni alimwambia siku ya mwaka, wakiosha sahani. Hakusema kwa hofu. Alisema kama anayetaja mvua. “Jioni nasikia pikipiki inazimwa getini. Natoka, hakuna kitu. Nikirudi ndani, harufu ya karafuu. Mama yangu anasema ukimwombea mtu vizuri anakwenda. Mimi nimemwombea siku zote zilizoandikwa, Dik. Sijaruka hata moja. Sijui anasubiri nini.”

Retno aliendelea kusugua sahani iliyokwisha kutakata.

Ofisini nako, kila jua lilipokaribia kuzama, feni ya mashine ile chini ya meza ilipandisha mlio. Sababu aliijua: jioni ndipo wapishi na wachapishaji wanapotuma maswali yao, na Petung huhema kwa kazi. Alijieleza hivyo kila siku, na kila siku saa kumi na moja alifunga mlango akaenda zake nyumbani, asije akausikia. Kifuniko cha bati alikuwa hajakiondoa mezani.

*

Wiki tatu kabla ya siku ya elfu, Mbak Harni alimpigia.

“Dik, jiwe la kaburi liko tayari. Nihesabie elfu ya Mas Wiyo. Kile kijitabu kimelowa, sioni vizuri. Halafu nataka itoke kwenye Petung yenyewe, mkono wake mwenyewe. Ni ya mwisho hii. Baada ya hapo hatuna tena siku ya kumwita.”

Retno aliketi kwenye kiti cha Wiyoso, jambo ambalo hakuwa amelifanya. Aliandika mistari minne. Tarehe. Saa kumi na moja na dakika arobaini na nane jioni. Klaten. Kisha lile neno la kuomba jibu.

Petung haikumpa siku. Ilimwandikia:

*Saa hii iko karibu mno na magharibi. Usiniamini mimi, saa za hospitali nazo hukosea. Nenda kawaulize wenye msiba: adhana ilikuwa imeshasikika, au bado? Kisha urudi uniambie.*

Aliusoma ujumbe akiwa ameshika ukingo wa meza. Maneno hayo Wiyoso aliyatia siku zile mbili za kusahihisha. Kwenye nakala hayakuwemo, kwa hiyo dukani hakuna aliyewahi kuulizwa chochote. Chini ya meza feni ilikuwa inalia. Ilikuwa saa tisa mchana, wala hakukuwa na mpishi aliyetuma swali.

Alikwenda saa hiyo hiyo. Mbak Harni alikuwa barazani anafuta majani ya migomba kwa kitambaa.

“Mbak, nina swali. Mas Wiyo alipokata roho, adhana ya magharibi ilikuwa imeshasikika?”

Mjane hakufikiri hata kidogo. “Ilikuwa imekwisha. Nilikuwa bombani natawadha, mguu mmoja tayari. Nesi akaja akaniita.”

“Una hakika?”

“Mguu wa kushoto nimeuosha chumbani, juu ya sakafu yao, nikiwa nalia. Nitasahau?” Aliweka jani chini. “Niliona kijitabu kimeandika Jumanne Kliwon. Nikasema moyoni, mbona ilikuwa magharibi imeshaingia. Halafu nikajiambia, Harni, nyamaza. Hizi ni hesabu za mume wako. Haziwezi kukosea, umekosea wewe.”

“Hazikuwa zake, Mbak. Zilikuwa zangu.”

Akamweleza. Alianza na Ramadhani na mtandao uliokatika, akaja kwenye nakala, akaja kwenye simu. Lile neno alilisema mwisho, kama lilivyokuwa: sijui, Mas, labda Petung ina kasoro. Alisema pia kwamba siku ya tatu alijua, na kwamba tangu hapo amekula chakula cha hitima tano akijua.

Barabarani malori ya mchanga yalipita, mawili, matatu. Mbak Harni alikuwa anatazama geti.

“Kwa hiyo alikwenda akidhani amekosea.”

“Ndiyo, Mbak.”

“Na hakukosea.”

“Hakukosea. Petung ilikuwa sawa. Mpaka leo iko sawa.”

“Miaka miwili na nusu nalala mlango haujakomewa,” alisema taratibu, “namsubiri mtu aniambie anataka nini. Na wewe ulikuwa hapa jikoni kwangu unaosha sahani.” Alichukua jani jingine akalifuta, akalifuta tena mahali pale pale mpaka likachanika. “Nenda, Dik. Leo sina maneno ya kukupa. Ningekuwa nayo yangekuwa mabaya.”

Retno aliondoka. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Pak Tukiman, akaketi mbele ya kompyuta ya dukani yenye vumbi la karatasi, akakifuta kile kipande chote, akaweka mistari minne mahali pake.

“Mvua ikinyesha itakuwaje?” mzee aliuliza.

“Mtandao ukikatika utasubiri, Pak. Siku hazina haraka.”

“Miaka yote hii hamkuniambia kwamba inawezekana kusubiri,” Pak Tukiman alinung'unika. Alipoelezwa sababu alikaa kwenye marobota ya karatasi, akavua miwani. Hakutania tena siku hiyo.

Siku nne baadaye ujumbe wa Mbak Harni uliingia. Haukuwa na salamu. *Mwambie adhana ilikuwa imeshasikika. Unipe siku.*

Retno alirudi kwenye kiti, akaiambia Petung. Ikajibu papo hapo, bila swali: Jumatano Legi, elfu yake Jumatatu Kliwon.

Hitima ilisomwa usiku wa Jumatatu, jiwe likawekwa asubuhi yake. Retno alialikwa kama jirani yeyote, akakaa karibu na mlango. Mbak Harni alimpa sahani yake mkononi.

Siku hizi mlango wa Mbak Harni hukomewa usiku. Karafuu anasema haisikii tena. Pikipiki amesema hataki kuulizwa. Na Klaten nzima, mtu akifa karibu na magharibi, Petung huuliza kwanza kama adhana ilikuwa imeshasikika, na haitoi siku mpaka mtu atoke aende kuwauliza wafiwa. Mara nyingi anayekwenda ni Retno.