Kiti cha Katikati ya Uwanja

...na wote wameshasema ndiyo, mkuu wa chuo kasema ndiyo, mwalimu wa michezo kasema ndiyo kabla hata hajaulizwa, mhasibu kasema ndiyo huku anachovya biskuti kwenye chai, na sasa wamenigeukia mimi, mwakilishi wa wazazi, kiti cha mwisho karibu na dirisha, "Mama Mzazi, tumebaki na wewe tu," anasema mkuu wa chuo, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kuvaa koti lake, maana kwake jambo limekwisha, Kocha Ngurumo anatuacha mwisho wa mwezi, kapata timu kubwa zaidi, msaidizi wake anapanda kuwa kocha mkuu, mpira wa kikapu unaendelea, watu waende nyumbani, kinachotakiwa ni neno langu tu kwa sababu bodi imesema haitaki mgawanyiko, inataka kauli moja, na neno lenyewe nilitoka nalo nyumbani, nimelibeba asubuhi nzima kama yai kiganjani, ndiyo, sasa sijui limekwama wapi, "Nakunywa chai kidogo, Mkuu," nasema, "Kunywa, mama, kunywa," na nakiangalia kikombe changu, kitupu, na kisahani cha biskuti, kitupu, wenzangu wote bado wana chao nusu, ndivyo nilivyo, nakula kama nafukuzwa, watoto wangu wananicheka, shemeji yangu alisema siku moja harusini, huyu mkimwekea sahani msigeuze shingo, mkirudi mtakuta anaosha vyombo, watu wakavunjika mbavu, nami nikacheka... na kule nje, nikiegemea kidogo, namwona huyo msaidizi kupitia kioo cha korido, kakaa kwenye benchi, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, anangoja kuitwa, nilipopita alisimama, "Shikamoo, mama," akanipokea mwavuli, akaukung'uta maji, akautundika kwenye ndoano mwenyewe, wachezaji wanamwita Mpole na jina limemkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo, "Hajawahi kumpandishia mtu sauti," anasema mwalimu wa michezo, labda anadhani kimya changu kinataka kusukumwa, "baada ya Ngurumo, jamani, si masikio yetu nayo yapumzike?" na mhasibu, "Masikio na bajeti, mwalimu, yule bwana alirusha chupa ngapi za maji? Kuna mwamuzi mmoja akiniona mimi barabarani anavuka upande wa pili," wanacheka, nami nacheka, kicheko changu kinachelewa kidogo nyuma ya vyao, na mkoba unatetemeka pajani, simu, sihitaji kuitazama, ni mwanangu, anataka kujua, asubuhi alinifuata hadi mlangoni, kainama maana kizingiti chetu hakikujengwa kwa watu wa urefu wake, "Mama, sema ndiyo urudi, usianze maswali yako," "Maswali gani?" "Mama, nakujua," "Na yule mwombaji wa pili je, yule kocha wa chuo cha ng'ambo ya mto?" "Yule kasema kila mtu anaanza upya, hata mimi, unajua maana yake? Nikikosa nafasi kwenye timu, ufadhili umekwenda, na chuo kimekwenda. Mpole kashaniambia unahodha ni wangu," na macho yakamng'aa, alikuwa na uso uleule wa siku alipoweza kufunga kamba za viatu mwenyewe, sasa mama gani atasimama katikati ya mtoto na uso kama ule, mama gani, nilimwambia haya, nenda, utachelewa, nimekusikia... nimekusikia si ndiyo, lakini yeye aliichukua kama ndiyo, na mimi nikamwachia aichukue... ila viatu, laiti siku ile asingesahau viatu, ningekuwa nimeshasema na kuondoka, alivisahau chini ya meza nikampelekea ukumbini, nikakaa ngazi za juu, hawakuniona, na wakati ule walikuwa kwenye mitupo huru, zoezi ambalo Ngurumo alimwachia msaidizi wake, ule mtupo ambao kila mtu anasimama kukutazama na hakuna anayekuzuia, na kijana mmoja mwembamba wanayemwita Kijiti akakosa, mpira ukagonga chuma ukatoka, na Mpole hakupuliza filimbi, alikwenda tu pembeni akachukua kiti, kiti cha kawaida cha plastiki, akakibeba hadi kwenye duara la katikati ya uwanja, akakipangusa kwa kiganja, ndiyo, alikipangusa, akamwambia Kijiti, "Karibu ukae, mwanangu," na akampa chupa ya maji, "Kunywa, usiumie," na wengine wote wakaanza kukimbia kumzunguka, ukuta hadi ukuta, ukuta hadi ukuta, na Kijiti kakaa pale na chupa yake, na wanapompita kila mmoja anamtazama, mwanangu pia, na viatu vya kuazima, namjua mwanangu akikasirika, sikio la kushoto linakuwa jekundu kwanza, lilikuwa jekundu, na mmoja akainama akatapika kando ya mstari akafuta mdomo akaendelea, na Mpole kasimama na mikono nyuma kama mtu anayesubiri mvua ipungue... na njiani kurudi nikamwuliza mwanangu, "Kile kiti ni cha nini?" akacheka, "Kiti cha enzi! Ukikosa unatawazwa, sisi tunamkimbilia mfalme. Lakini mama, inafanya kazi, mimi sijakosa tangu tuanze muhula," "Na Kijiti mlimsemesha baadaye?" "Kijiti? Wa nini?" akasema hivyo hivyo, wa nini, kama unavyosema juu ya kopo lililopasuka, na baada ya wiki chache Kijiti hakuonekana tena, wakasema kahamia kwa mjomba wake, wakasema moyo hakuwa nao, mchezo si wa kila mtu... "Mama Mzazi, kama kuna jambo liseme tu, hapa ni nyumbani," anasema mkuu wa chuo, na amevua miwani, anaifuta, na mimi niseme nini, nani alipigwa, hakuna, nani alitukanwa, hakuna, aliyekosa alipewa kiti na maji, waliokimbia ni wachezaji na kukimbia ndiyo kazi yao, timu imeshinda kuliko wakati wowote, nikilisema kwa mdomo linakuwa si kitu, linakuwa mama mmoja aliyeona kijana amekaa kwenye kiti... kama ambavyo kwetu hakuna aliyepigwa, na hili nalijua mimi kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye ninayeulizwa, nani alizaliwa mwaka wa mafuriko, nani alimfuata nani, kovu la kaka la kidevuni alilipata kwa baiskeli ya jirani au kwa ngazi ya dukani, kwa ngazi, na kwenye kila harusi na kila matanga wananisogezea kiti, hebu tuambie, tuambie marehemu baba alikuwaje, nami huanza kwa kusema, baba hakuwahi kumnyanyulia mkono mtoto wake, hata kwa unyasi, na wakwe wanatikisa vichwa, na wajukuu wanatazamana, na kila nifikapo kwenye sentensi hiyo dada yangu mkubwa hukumbuka kitu jikoni, huinuka, hutoka, nimeiona mara zote na sijawahi kuiandika kichwani pamoja na mengine, mimi ninayejivunia kwamba sisahau... na ni kweli, hakuwahi, nilipovunja glasi ya taa hakunigusa, nilipopoteza chenji njiani hakunigusa, alisema tu, kwa sauti ya chini, "Leteni chakula cha mdogo wenu," wakaleta, sahani imejaa, akanivutia kiti mezani, na dada na kaka na yule dada wa katikati wakapiga magoti sakafuni kunizunguka, sakafu ya saruji, mikono juu, mpaka nitakapomaliza kula, "Kula, mwanangu, usiharakishe, utapaliwa," alisema baba akarudi kwenye gazeti lake, na mimi nilikula, Mungu wangu nilivyokula, bila kutafuna, wali ukinishuka kooni kama kokoto, machozi na wali, ili mikono yao ishuke, ili magoti yao yainuke, na usiku chumbani walilala watatu upande mmoja wakanipa kisogo na mimi upande wangu na ukuta, sikujua walikuwa wanasemaje chini ya lile shuka, sasa najua, mwanangu kaniambia, wa nini... "Au ni suala la umri wake?" anauliza mwalimu wa michezo, "kijana ni, lakini amekomaa," hapana si umri, na dada, dada mkubwa aliyekuwa karibu na mguu wa meza, siku ya taa alinitazama na midomo ikacheza bila sauti, kula, alisema, kula, na nimeishi na kula ile maisha yangu yote nikiigeuza, kula upesi ewe mchawi mdogo umetuua, au kula, mdogo wangu, usilie, kula, magoti yangu yanaweza, ni ipi, dada anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, tunaazimana ndoo, tunapigiana simu mtoto akipata homa, na sijamwuliza, kwa sababu nikimwuliza atajibu... lakini siku alipozaa kifunguamimba ni mimi niliyeitwa, si mama, alinishika mkono akasema usitoke, sasa mtu anayekuchukia atakuita pale kweli, na hata hivyo sijui, sijui, nimekariri siku za kuzaliwa za ukoo mzima na neno moja la dada yangu sijui maana yake... "Basi hatutoki humu mpaka tuwe kitu kimoja," anasema mkuu wa chuo, kwa upole, anacheka kidogo, "wote tutakaa na njaa kwa ajili ya Mama Mzazi," na mhasibu anasema, "Mama, nihurumie, nina sukari mimi," na wanacheka tena na wananitazama, wote watatu, na mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye kisahani kitupu, haraka, maliza haraka, wako chini kwa ajili yako, na ndiyo inapanda kooni yenyewe, ndiyo ile ile niliyompa mume wangu siku ya posa kwa sababu wazee walikuwa wamesimama juani wanangoja jibu, ndiyo ile ile ya kumlea mama peke yangu kwa sababu kikao kilikuwa kirefu na kaka ana basi la kuwahi, ndiyo zangu zote nimezimeza bila kutafuna ili watu wainuke, na nikisema ndiyo sasa hivi mkuu atainuka, mhasibu ataenda kula, mwanangu atakuwa nahodha, na kile kiti kitatolewa pembeni kesho jioni na kupanguswa, atakaa mtoto wa mtu, na mwanangu nahodha ataongoza mbio za kumzunguka, na siku moja atakuwa na nyumba na meza na watoto wake na hatawanyanyulia mkono hata kwa unyasi... na nikisema hapana mwanangu ndiye atakayelipa, mimi nitakuwa nimekaa na yeye atakuwa anakimbia, atarudi nyumbani na sikio jekundu, hatanisemesha, mama, ulikuwa na neno moja tu la kusema, hivyo huku mtu anakimbia na huku mtu anakimbia na mimi nipo katikati, nimekaa, nina kikombe changu, na ni mimi, daima ni mimi, nilivunja taa wao wakapiga magoti, niliwapigisha magoti, mimi... hapana. Ngoja. Taa nilivunja mimi. Chenji nilipoteza mimi. Magoti... nilikuwa na miaka saba, miguu haifiki sakafuni, kinywa kimejaa wali, ningempigisha nani magoti mimi, aliyesema pigeni magoti alikuwa nyuma ya gazeti. Ni yeye. Baba ndiye aliyewapigisha magoti. Mbona sijawahi kulisema hivyo, hata kichwani, hata peke yangu jikoni, sentensi fupi kiasi hicho, baba ndiye, na mpira haukumkimbiza mtu siku ile, wala Kijiti, waliokimbia walikimbizwa na yule aliyekaa pale kwenye benchi na mikono juu ya magoti, na mkuu wa chuo hazuiwi na mimi kwenda kula, mlango ule hauna kufuli, anaweza kuinuka, wote wanaweza kuinuka... simu imetetemeka tena ikanyamaza, mwanangu, utakasirika, utakasirika na utakuwa na haki ya kukasirika na nitakukalisha nikuambie juu ya shangazi... juu ya mama yako mkubwa na mguu wa meza, jambo ambalo sijamwambia mtu, hutaelewa, utaelewa baadaye, au hutaelewa kabisa na ada nitaitafuta sijui wapi, hilo ni gumu na ni gumu kweli, silipambi, lakini ni gumu la kwangu na lako, halina mtoto wa mtu kwenye kiti... "Mama Mzazi?" anasema mkuu wa chuo, miwani amerudisha usoni, kalamu mkononi, mwalimu wa michezo ananitazama, mhasibu ameacha biskuti yake hewani, mvua inapiga kioo, na nje yule kijana mpole hajasogea hata kidole, wote wako vile vile walivyokuwa, wote wananingoja, na kisahani kitupu nimekisukuma pembeni, sijui lini, nimekisukuma, na wakitaka kungoja na wangoje, viti wanavyo, nitalianza tangu nilipoingia ukumbini na viatu mkononi, nitalisema lote, taratibu, neno baada ya neno, sina haraka.