Wafunge Saa Kumi na Mbili

Nimetunza nguruwe wa maabara hii miaka kumi na moja, na sikuwahi kuitwa mwongo mpaka Jumatatu ile. Daktari alinisimamisha mbele ya wafanyakazi wote, karatasi ya vipimo mkononi. "Mama, unawalisha usiku. Sukari haiwezi kupanda hivi kwa mnyama aliyelala na njaa."

Nilichemka. Nguruwe wangu sita walikuwa wamenenepeshwa kwa mafuta na sukari mpaka wakapata kisukari kama cha binadamu, maana miili yao inafanana na yetu kuliko tunavyopenda kukubali. Watatu walipewa dawa mpya, watatu hawakupewa. Sasa sukari ya wote ilisoma kumi na moja, kumi na mbili, dawa au bila dawa. Kama Ijumaa hali ingekuwa ile ile, utafiti ungevunjwa, nami ningeonyeshwa mlango nikiwa na jina la mwongo.

"Chakula nakiondoa mwenyewe jioni, nafagia hata punje," nilimwambia. Akatazama pembeni. Lo! Bora angenitukana.

Ijumaa sikungoja saa mbili yangu ya kuingia kazini. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza, na kelele nilizisikia tangu getini. Bwana Sindano, mpimaji aliyeanza kazi mwezi huo, mtu mzima na masharubu yake, alikuwa amewafunga wote sita kamba kwenye nguzo. Macho yaliwatoka.

"Wewe! Wamekukosea nini?"

"Nafuata maagizo, mama." Akanionyesha kwa kidole karatasi iliyobandikwa mlangoni. Ulikuwa mwandiko wa Daktari: *Nguruwe wafunge saa kumi na mbili kabla ya kupimwa.*

Nilisoma mara mbili, kisha nikacheka mpaka nikashika ukuta. Daktari alitaka wakae bila kula kwa muda wa saa kumi na mbili. Bwana Sindano naye, kila siku ya kipimo, ikigonga saa kumi na mbili asubuhi anachukua kamba, anawapima na kuwafungua kabla sijafika!

"Wewe ukifungwa hivi ukapiga kelele saa nzima, sukari yako itashuka?"

"Itapanda mpaka darini," alikiri, masharubu yamemlegea.

Tukawafungua. Nikaingia bandani, nikawakuna matumbo mmoja mmoja mpaka wakajilaza wenyewe, wakikoroma kwa raha. Daktari alipofika nilimkabidhi karatasi yake pamoja na zile kamba. Aliisoma, akashika kichwa.

"Pima," akamwambia Bwana Sindano. "Mama, wewe endelea kukuna."

Wasiopewa dawa, sukari yao ilisoma tisa, tisa nukta nne, kumi. Tukahamia kwa wenzao. Tano nukta moja. Tano nukta sita. Kwa yule wa mwisho, mkaidi anayependa kunilalia mguuni, Bwana Sindano aliangalia kipimo mara tatu kabla ya kutamka: nne nukta tisa.

Dawa inafanya kazi! Tulipiga kelele kuwashinda nguruwe.

Daktari hakushangilia. Aliwaita wafanyakazi wote, wale wale wa Jumatatu, mpaka mlinzi wa getini, wakasimama pale bandani kwenye sakafu yenye maji.

"Nilimwita mama huyu mwongo mbele yenu," alisema. "Kosa lilikuwa langu, niliandika vibaya. Hajawalisha usiku hata siku moja. Mama, nisamehe."

Tangu Jumatatu nilikuwa nimemwandalia jibu la kumchoma hasa. Nikafungua mdomo, machozi yakanitangulia.